Sura ya Nne: Mkono Uliopita Dirishani

"Nataka sentensi moja tu," mkuu wa kituo alisema. "Moja. Usiniletee kitabu."

Alikuwa anachokoa meno kwa kijiti, ingawa ilikuwa asubuhi mbichi na hakuna aliyemwona akila. Faili lilikuwa mezani. Lilikuwa limerudishwa, na juu yake mwendesha mashtaka alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mkato mdogo kwenye kifundo cha mkono hauui mtu, kwa hiyo kituo kieleze marehemu alikufaje.

Marehemu alikuwa kuli wa ghala la nafaka. Wenzake walimwita Kasuku kwa sababu ya mdomo. Aliyemkata alikuwa kuli mwenzake waliyemwita Winchi kwa sababu ya mabega, na huyo alikuwa mahabusu nyuma ya ukuta huo huo. Kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Kosa lenyewe halina dhamana, na mtu akipatikana nalo, huingia jela ana nywele nyeusi akatoka hana nywele, kama atatoka.

"Afande, daktari ameandika gangrini," Sajini alisema. "Hajasema imetoka wapi."

"Imetoka wapi? Mnapenda mambo marefu ninyi! Alimkata kwa kulabu, kisha akamfunga kijimpira chake, akajifanya mwema. Mtu akaoza, akafa. Hata mwanangu wa chekechea anaweza kuimaliza kesi hii. Nenda kwa daktari, mwambie aandike kwamba kidonda ndicho kilichooza. Saa kumi mwendesha mashtaka anakuja kuchukua faili lake, na mimi sitaki kuaibika."

"Gari, afande?"

"Gari liko kazini."

Gari lilikuwa uani linaoshwa. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kumpeleka mke wa mkuu kwa fundi cherehani. Sajini alilipita, akatoka langoni kwa miguu kama kawaida. Ndiyo maana kituo kizima kilimwita Soli. Viatu vyake vilikuwa vimeshabadilishwa soli mara nyingi, hata fundi viatu alikuwa akimsalimia kama shemeji.

*

Mochari ilikuwa nyuma ya hospitali, pale ambapo wakubwa huweka vitu wasivyotaka wageni wavione. Daktari wa maiti alikuwa mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira, na alikuwa anagombana na jokofu.

"Limekufa tena," alisema bila kugeuka. "Nimeomba fundi tangu mwezi uliopita. Wewe si fundi?"

"Mimi polisi."

"Basi huna msaada. Unataka nini?"

"Sentensi. Ya yule kuli wa mkono."

"Nilishaiandika. Amekufa kwa gangrini. Unataka niiandike kwa wino wa rangi nyingine?"

"Nataka kwanza nielewe hiyo gangrini ni kitu gani."

Daktari akaacha jokofu. Akamtazama Soli kuanzia viatu kwenda juu, kisha akavuta kisanduku cha glavu akamsogezea.

"Vaa. Huko mtaani mnaiitaje?"

"Donda ndugu."

"Mtaani kila kidonda kibaya ni donda ndugu. Gangrini ni nyama iliyokufa juu ya mtu aliye hai. Nyama inaishi kwa damu, kama shamba linavyoishi kwa maji ya mfereji. Mtu akiziba mfereji huku juu, mahindi ya huku chini yanakauka, hata kama hayana mdudu hata mmoja. Hiyo ni gangrini kavu. Sehemu inakuwa baridi, inakuwa nyeusi, inasinyaa, na inakuwa na mpaka. Hapa pazima, hapa pamekufa."

"Na isiyo kavu?"

"Mbichi. Hapo wadudu wameingia kwenye kidonda wanakula. Panavimba, panatoa maji, panatoa harufu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili anaomba kuhamishwa. Hiyo haina mpaka. Leo kidole, kesho kiganja, keshokutwa kiwiko. Kuna nyingine wadudu wake wanatoa gesi. Ukibonyeza ngozi, inalia chini ya kidole kama unakanyaga majani makavu. Hiyo haingoji mtu amalize sala."

"Ya Kasuku ni ipi?"

Daktari akafunua shuka upande mmoja.

Mkono ulikuwa mweusi kama uliochovywa kwenye lami. Vidole vilikuwa vimesinyaa, kucha zimebaki kubwa kuliko vidole. Weusi ulipanda kiganja, ukapita kifundo, ukapita kiwiko, ukakoma katikati ya mkono wa juu. Ulikoma kwa mstari. Soli aliinama akauzunguka kwa macho. Mstari ulikwenda mbele, ukapita kwapani, ukarudi ulikotoka. Juu yake palikuwa pamevimba na kuanza kutoa maji. Chini yake palikuwa mkaa.

"Kidonda kiko wapi?"

Akamwonyesha. Kilikuwa kule chini kwenye kifundo, kifupi, kimeshonwa vizuri, kingo zake zimekaa pamoja.

"Kidonda chenyewe ndicho kitu pekee kilichokuwa safi," daktari alisema. "Aliyeshona alijua kazi yake."

"Kama kidonda ndicho kilichooza, gangrini ingeanzia hapa chini ikapanda."

"Na isingesimama kwenye mstari wa rula. Sasa umeelewa."

"Pengine sukari? Nasikia watu wa sukari wanaoza miguu."

"Wanaoza kweli, na wengi huanza na kijidonda tu kwa kiatu kinachobana. Wodini walimpima alipoletwa yu hai bado. Hakuwa na sukari. Mishipa yake ilikuwa ya mtu anayebeba magunia. Huyu alibanwa na kitu hapo juu, kikamzibia mfereji. Na si bandeji. Bandeji huacha alama pana. Hiki kilikuwa chembamba, tena kinachovutika. Ona kilivyoivuta ngozi."

"Na kitu chenyewe kiko wapi?"

"Alipofika hapa hakikuwepo. Na hilo ndilo lililommaliza. Mkono uliokufa siku nyingi una sumu. Kilichobana kikiondolewa hovyo, damu inarudi, inaibeba sumu yote, inaipeleka kwenye moyo na figo. Aliyekiondoa hakujua. Kazi hiyo ni ya hospitali, na mara nyingi tunaukata mkono kwanza."

Soli alivua glavu polepole.

"Kwa nini haya yote hukuyaandika?"

"Nilianza. Mganga mkuu akaniambia fomu ina nafasi ya neno moja, nisiigeuze hadithi. Wakubwa wana haraka, Sajini. Wanaokufa ndio wenye subira."

"Mimi nina karatasi yangu. Haina fomu. Andika, nitasubiri."

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya jokofu lililokufa. Zilitoka sentensi sita. Soli aliona tano zimeshamzidi mkuu.

*

Zahanati ya ghala ilikuwa chumba kimoja kizuri chenye vigae vyeupe. Mlango ulikuwa na kufuli. Pembeni palikuwa na dirisha dogo, lenye ubao wa kuegemea, na foleni ya makuli ilijipanga ukutani juani. Soli alipofika mbele, sauti ya kike ikasema kutoka ndani:

"Weka mkono."

"Mimi si mgon—"

"Kila mmoja husema hivyo. Weka mkono, unachelewesha wenzio."

Soli aliweka mkono. Ubao ulimzuia pale kiwiko kilipoishia. Kupitia lile tundu aliweza kuona mikono ya nesi, trei, na chupa ya spiriti. Nesi naye, kwa upande wake, aliona kilichoingia tu. Akaugeuza mkono huu na huu.

"Huna kitu."

"Ndiyo nilitaka kukwambia, sista. Mimi ni polisi. Nimekuja kwa ajili ya Kasuku."

Mikono ya nesi ikamwachia. Kisha uso ukainama ukatokea dirishani, uso mpana wenye miwani.

"Maskini yule. Alipoweka mkono hapo akaniambia, 'Sista, mkono nimeshautoa, sasa bado mahari.' Anavuja damu na bado anatania! Nilisafisha, nikachoma ganzi, nikashona. Nenda kamuulize mkewe alipaka nini nyumbani. Wanapaka majivu hao, wanapaka majani, kisha kikioza lawama kwa nesi."

"Kidonda chako hakikuoza. Daktari amesema umeshona vizuri."

Nesi akaegemea ubao. Hakuna aliyewahi kumletea habari hiyo kutoka hospitali.

"Mkono wake wa juu ulikuwaje?" Soli akauliza.

"Nitajuaje? Alikuwa na ovaroli. Kilichopita hapa ndicho nilichokitibu."

"Hukumwingiza ndani ukamvua?"

"Nimwingize kwa wapi? Ufunguo anao meneja. Alisema makuli wanachafua vigae. Hapa ndani wanaingia wageni wanaokuja kukagua zahanati. Wanaipiga picha."

"Hakulalamika chochote?"

"Alisema vidole vina ganzi." Nesi akavua miwani akaifuta na gauni. "Nikamwambia ni sindano yangu ya ganzi, itaisha. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia asifungue kitu mpaka Jumatatu arudi."

"Na Jumatatu?"

"Hakurudi." Alivaa tena miwani. "Sajini, ile ganzi haikuwa yangu, siyo?"

Soli aliondoa mkono ubaoni. Kuli aliyekuwa nyuma yake akamgonga begani. "Mzee, kama umemaliza kuposa, tupishe na sisi."

*

Nyapara wa makuli alimpokea kwenye jukwaa la kupakia. Alikuwa mzee mkavu mwenye kilemba cha gunia, na alijibu kila swali huku akihesabu magunia ya watu wengine.

"Hapa ugomvi hautafutwi, unaokotwa. Kasuku alimtania Winchi kwamba ana mabega mawili na akili nusu. Walikuwa peke yao nyuma ya lundo lile. Nilisikia kelele, nilipofika nikaona damu. Nikapiga simu polisi. Ndiyo amri ya meneja. Damu ikimwagika, polisi kwanza, mengine baadaye."

"Polisi kabla ya nesi?"

"Ukichelewa kwa nesi hakuna faini. Amri siitungi mimi, bwana. Mkubwa wenu mwenyewe alikuja na gari, akamchukua Winchi pale pale. Kasuku ndipo akaenda dirishani kwa miguu yake, ameshika mkono, ovaroli imelowa."

"Magunia mnafungia nini?"

Nyapara akaonyesha ukuta. Palikuwa na safu ya misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia ukanda mwembamba wa mpira mweusi, uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Kila ukanda ulikuwa na alama. Huu una tundu, huu una rangi ya kijani, huu umechomwa ncha.

"Kila mtu na wake," nyapara alisema. "Anafunga mzigo kwa mpira wake na fundo lake. Na fundo la mtu haliguswi. Aliyefunga ndiye anayefungua. Gunia likidondoka likamvunja mtu shingo, hatuulizi mengi, tunatazama mpira wa nani. Hapa unaweza kumgusa mtu mkewe ukasamehewa, lakini si fundo lake."

Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Wa Kasuku?"

"Wa Kasuku huu hapa, wenye tundu. Huo ni wa Winchi. Una mistari miwili ya rangi nyeupe. Si mliondoka naye? Mtakuwa nao huko."

Soli alivipitia kichwani vitu alivyovuliwa Winchi kaunta siku ile. Mkanda, viatu, kofia, funguo. Yeye mwenyewe ndiye aliyevikuta kaunta baadaye akavifunga kwenye mfuko. Mpira haukuwemo.

"Uliuona mpira kwenye mkono wa Kasuku?"

"Mpira? Mimi nimeona damu na ovaroli. Kwani alikuwa na mpira?"

"Asante, mzee."

"Meneja anauliza Winchi atarudi lini," nyapara akamwambia mgongoni. "Kama harudi, aajiri mwingine."

*

Mke wa Kasuku alikuwa anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Kutoka karakanani ilisikika mashine ya kukata vyuma, ikilia kisha kunyamaza, ikilia kisha kunyamaza. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa ukutani. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye mkeka, na nguo za mumewe alikuwa amezikunja akazifunga furushi la kumpelekea mama mkwe.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Nilikuja kwenu mara mbili. Nikaambiwa mkuu hayupo, nirudi. Mara ya pili nikaambiwa yupo lakini ana wageni."

"Leo nimekuja mimi."

"Wewe ni mkuu?"

"Hapana."

"Basi ni yale yale."

Soli aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimuuliza alipaka nini kwenye kidonda. Akajibu hakupaka kitu, na kwamba hata maji hakugusisha. Alimuuliza nani alikuja kumwona mgonjwa. Akajibu makuli walikuja, wakakaa mlangoni, wakacheka utani wa Kasuku, wakaenda. Kila jibu lilikuwa fupi na mlango wake umefungwa. Soli akaacha kuuliza akatazama furushi. Lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa mpira mweusi. Ncha yake ilikuwa na mistari miwili ya rangi nyeupe.

"Huu mpira umeutoa wapi, mama?"

Mashine ya jirani ikalia. Ilipokoma, mwanamke alikuwa ameshashika furushi kwa mikono yote miwili.

"Ulikuwa mkononi kwake," alisema. "Huku juu. Winchi alimfunga damu isitoke. Mume wangu aliniambia mwenyewe. Alisema kulabu ilimponyoka mwenzake, na alipoona damu alilia kama mtoto, akamfunga, akashusha mkono wa ovaroli juu yake ili vumbi lisiingie."

"Na hukufungua."

"Usiku wa kwanza alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikasema, baba, nifungue hiki kimpira, kinakuuma. Akasema nesi amekataza asiguse kitu. Tena fundo ni la Winchi. Akitoka atakuja kulifungua mwenyewe, na mimi nitamtania mpaka aombe kurudi mahabusu." Alilivuta furushi karibu. "Kesho yake akasema mkono hauumi tena. Hausikii kabisa. Tukashukuru Mungu. Tulishukuru, Sajini. Tulipika."

"Kisha?"

"Vidole vikawa vya bluu, akasema ni damu iliyovilia. Jumatatu asubuhi vilikuwa vyeusi. Alikuwa amelala. Nikalifungua. Halikutaka, nikatumia meno. Akaamka, akasema anasikia joto, mkono umerudi. Akacheka. Halafu akaanza kutetemeka na kutapika, na mpaka tunafika hospitali hakunijua tena." Alimtazama Soli usoni kwa mara ya kwanza. "Huko kazini husema fundo la mtu haliguswi. Mimi niligusa, na sijamwambia mtu. Ni mimi?"

"Mkono ulikuwa umeshakufa, mama. Ulikufa kabla hujaugusa."

Hilo lilikuwa kweli. Yale mengine aliyoyasema daktari, ya damu kurudi, Soli hakuyasema. Hakuwa ametumwa kuyapeleka huko.

Aliomba mpira. Mwanamke alilifungua furushi, akampa, akatafuta kamba ya kufungia nguo za mumewe, akaikosa. Soli akafungua kamba ya kiatu chake kimoja akamwachia.

*

Winchi alikuwa amekaa kwenye kona ya mahabusu, magoti yamefika masikioni. Tangu aambiwe kwamba Kasuku amekufa, hakuwa amesema neno. Mkuu alikuwa amelichukua hilo kama kukiri. Soli alipitisha ukanda kati ya nondo.

Kuli hakuupokea. Aliutazama tu.

"Nani aliufungua?" aliuliza. Sauti ilitoka na kutu.

"Mkewe. Jumatatu."

"Jumatatu!" Winchi alijipiga paji la uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Mimi nilifunga kwa muda wa kufika kwa nesi tu. Nilifunga kama gunia zima, fundo la kukaza. Ningelifungua mwenyewe dirishani. Wakanitia kwenye gari."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia mkubwa wenu."

Soli alisogea karibu na nondo.

"Mkubwa yupi?"

"Yule anayechokoa meno. Ndani ya gari nilimwambia. Hapo kaunta nilimwambia tena. Nikasema, mzee, yule mwenzangu nimemfunga mpira chini ya ovaroli, tumeni mtu akamfungue, nesi haoni pale dirishani. Akasema, jibu ulichoulizwa tu. Nikasema tena. Akasema nikirudia atanifundisha adabu. Nilirudia. Akanifundisha." Alifunua mdomo akaonyesha pengo. "Alikuwa anaandika maelezo yangu. Nikajua ameandika na hilo."

Hakuwa ameandika. Soli alikuwa ameyasoma maelezo hayo mpaka akayakariri. Mpira haukuwemo mle, wala nesi, wala dirisha.

"Nani mwingine alisikia?"

"Gari lilikuwa na sisi wawili. Kaunta palikuwa na sisi wawili."

"Basi ni neno lako na lake."

"Ndiyo." Winchi aliinamisha tena kichwa kwenye magoti. "Na mimi nina akili nusu. Kasuku alishasema."

Soli alikunja ukanda akauweka mfukoni. Alibaki amesimama pale, kiatu kimoja kikicheza mguuni kwa kukosa kamba. Neno la kuli mbele ya neno la mkuu ni kama unyoya mbele ya gunia. Akipeleka mpira ofisini, mkuu atasema vema kabisa, muuaji ameua mara mbili, amemkata na amemfunga. Akipeleka maneno ya Winchi, mkuu atayakana, na kesho Soli atakuwa analinda lango la mifugo.

Kisha akaikumbuka asubuhi. Akaipitia tena neno kwa neno, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta funguo.

*

Saa kumi mwendesha mashtaka alikuwa ameketi ofisini kwa mkuu, bwana mwembamba mwenye mkoba magotini, chai haijaguswa. Mkuu alikuwa na kijiti kipya.

"Huyo hapo," mkuu alisema. "Umeleta sentensi yangu?"

"Nimeleta, afande. Lakini zimezidi."

Soli aliweka karatasi ya daktari mezani. Mpira aliuacha mfukoni. Mwendesha mashtaka akaisoma, akaisoma tena.

"Kwa hiyo kidonda hakikuoza," alisema. "Mkono ulibanwa na kitu juu ya kiwiko, ukakosa damu, ukafa. Kitu gani?"

"Daktari hakukiona, bwana," Soli alisema. "Kilikuwa kimeshaondolewa. Nesi hakukiona, aliuona mkono wa chini tu. Nyapara hakukiona. Wenzake kazini hawakukiona. Ovaroli ilikifunika."

"Basi hatuna kitu. Kesi hii nitaiombea muda, au—"

"Muda wa nini?" Mkuu alikaa wima. "Hatuna kitu kwa vipi? Si ule mpira wake! Tangu asubuhi nimemwambia huyu! Amemkata, akamfunga mpira wake wa magunia. Andika hivyo. Winchi ndiye aliyemfunga, Winchi ndiye aliyemuua."

"Mpira gani?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Wa kufungia magunia. Wale makuli kila mmoja ana wake."

"Faili hili nimelisoma mara tatu. Hakuna mpira humu."

Kijiti kilisimama.

"Nilisikia," mkuu alisema. "Watu wanaongea."

"Watu gani, afande?" Soli alitoa ukanda mfukoni akauweka mezani, mistari yake miwili myeupe juu. "Waliojua habari ya mpira huu walikuwa watatu. Mmoja yuko mochari. Wa pili ni mkewe, ambaye alikuja hapa mara mbili hukumpokea. Wa tatu yuko nyuma ya ukuta huu, na anasema alimwambia mtu mmoja tu, siku ile ile, mkono ukiwa bado mzima. Aliomba atumwe mtu akaufungue."

Nje gari la kituo liliingia likapiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Sajini," mkuu alisema polepole, "unajua unazungumza na nani?"

"Najua, afande. Ila lazima niandike maelezo yako."

Alivuta kiti, akaketi bila kuambiwa keti. Akalaza karatasi tupu mezani kati yao, akaondoa kifuniko cha kalamu. Mwendesha mashtaka alifungua mkoba wake, akarudisha faili ndani, akaufunga, na hakuinuka.

"Jina kamili?" Soli aliuliza.

"Huu ni utovu wa nidhamu! Mimi nina miaka kwenye kazi hii, mimi nimewafundisha ninyi—"

"Afande," Soli alisema. "Jibu ulichoulizwa tu."